Kilambo: Barabara Iliyogeuzwa Uwanja wa Ndege

Huko Kilambo, katika teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, madereva walijifunza kanuni moja isiyoandikwa katika kitabu chochote cha udereva: ukisikia mlio wa ndege, toka barabarani. Askari walizuia njia huku na huku. Pikipiki zilisogezwa majanini, wenye mizigo kichwani wakasimama kando wakitazama juu ya msitu, na baada ya muda Antonov ndogo ya injini mbili ikajitokeza kati ya miti, ikagusa lami ya barabara ya taifa namba 3 na kusimama palepale ambapo pikipiki zilikuwa zikipita muda mfupi kabla.

Katika miaka ya 2000 jambo hilo lilikuwa la kawaida kama soko. Ndege ilileta bia, sabuni, chumvi, mchele na nguo. Iliporudi Goma ilibeba mifuko ambayo kwa macho ilikuwa midogo, lakini kuinyanyua ilihitaji mtu mwenye mgongo. Ndani yake mlikuwa na kasiterite, jiwe jeusi la kahawia linalozaa bati. Jiwe hilo lina uzito unaokaribia mara saba ya maji, ndiyo maana mfuko wa kilo 50 unaonekana kama haukujaa.

Kurasa za magazeti ya mwisho wa wiki hupenda majengo ya zamani ya viwanda yaliyopewa kazi mpya, na mimi pia nayapenda. London ina Tate Modern, jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kituo cha umeme kilichozimwa mwaka 1981. Nairobi ina GoDown, kituo cha sanaa kilichoanza mwaka 2003 ndani ya ghala katika eneo la viwanda. Ukija Walikale au teritwari jirani ya Masisi ukitafuta bomba la moshi la matofali la kupiga picha, utazunguka sana. Mali ya huku ilitoka ardhini na kwenda mbali ikiwa ghafi, na kilichohitaji kujengwa kwanza ni njia ya kuitoa. Kwa hiyo jengo la viwanda ninalotaka kulizungumzia limelala chini. Ni ukanda wa lami katikati ya msitu.

Barabara ya taifa namba 3 iliwekwa lami katika sehemu hizo enzi ambapo Kongo iliitwa Zaire. Nia yake ilikuwa kubwa: kuunganisha Bukavu na Kisangani, ziwa na mto, kupitia Walikale na Lubutu, ili shehena ya mashariki isitegemee tu kuvuka mipaka. Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi yenye 4,734. Mtu akiiangalia kwenye ramani ataelewa maana ya lami hapo. Nje ya barabara hiyo kuna mito, matope, vijia vya wawindaji na vijiji ambavyo umbali wake hupimwa kwa siku za kutembea.

Lakini lami ni kama paa la nyumba: haiishi kwa kujengwa, inaishi kwa kutunzwa. Inataka mtu wa kuzibua mitaro kabla ya mvua, wa kufyeka kingo, wa kuziba tundu likiwa bado la ukubwa wa sahani. Serikali ya Zaire ilipoanza kufilisika, kazi hiyo ndiyo iliyokufa kwanza kwa sababu haina sherehe ya ufunguzi. Makampuni ya madini nayo yalikuwa yakiishiwa nguvu. SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Kivu na Maniema, ilikuwa na desturi ya kujitengenezea kila kitu: njia, madaraja, umeme wa maporomoko, hospitali za kambini. Oktoba 1985 mfumo wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya bati ulivunjika mjini London, bei ikaporomoka, na kampuni hiyo haikupata nafuu tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mali yake ilikuwa tayari inagombewa na wanasheria na wanajeshi. Madaraja yakaoza. Msitu ukarudi barabarani, kwanza kwenye kingo, halafu katikati.

Vipande vichache vya lami vilibaki vizima, vilivyonyooka na vyenye ardhi ngumu chini yake. Kilambo ni kimojawapo.

Mwaka 2002 kasiterite ilionekana katika mlima wa Bisie, ndani kabisa ya msitu kaskazini-magharibi mwa mji wa Walikale. Muda mfupi baadaye bei ya bati duniani ikaanza kupanda. Sababu moja ilitoka mbali sana na Walikale: Ulaya na Japani ziliamua kuondoa risasi kwenye vifaa vya umeme, na sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Julai 1, 2006. Risasi ilipoondolewa kwenye uchomeleaji wa vifaa hivyo, bati likachukua nafasi yake. Kila simu na kila redio ikahitaji bati zaidi. Bisie ikajaa watu zaidi ya 10,000, vibanda vya turubai, baa, makanisa na mashimo yaliyochimbwa kwa nyundo na patasi. Msimamizi wa shimo aliitwa PDG, cheo kilekile cha mkurugenzi mkuu wa kampuni. Sioni kiburi katika jina hilo. Shimo lilikuwa kampuni kweli: lilikuwa na mtaji, deni, wafanyakazi na zamu za usiku, na mara nyingi lilikuwa na maiti.

Gari halikuweza kufika. Kutoka mlimani mpaka Njingala, kando ya barabara kuu, ilikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa miguu, juu ya mizizi na matope, na kilo 50 mgongoni. Vizuizi vilikuwa njiani, na kila kizuizi kilikuwa na bunduki iliyotaka sehemu yake. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2009, wenye bunduki mlimani walikuwa brigedi ya 85, wapiganaji wa zamani wa kundi la wanamgambo la Mai-Mai waliovaa sare ya jeshi la taifa bila kuingizwa hasa katika jeshi hilo.

Hapa nataka tusimame tufanye hesabu, kwa kuwa uzuri wa ndege huficha mambo. Antonov 28 inabeba kama tani mbili. Let 410, ndege nyingine iliyozoeleka katika njia hiyo, inabeba pungufu kidogo. Tani mbili ni mifuko 40 ya kilo 50. Kwa hiyo kila ndege iliyoruka Kilambo ilibeba migongo 40, na kila mgongo ulikuwa umevuka msitu kabla ya rubani kuwasha injini. Ndege ilimaliza safari ambayo sehemu yake ngumu ilikuwa imekwisha kutembewa.

Ndege zenyewe zilikuwa na historia inayofaa kutajwa. Let ilibuniwa Chekoslovakia na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Antonov 28 ilibuniwa Ukraine ya Kisovyeti na kuundwa Poland. Zote mbili zilikusudiwa kwa viwanja vifupi na vibovu vya Umoja wa Kisovyeti, mahali penye theluji, nyasi na changarawe. Umoja ulipovunjika, nyingi ziliuzwa bei rahisi zikahamia Afrika. Ndivyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vijiji vya Siberia kilivyokutana na lami iliyomwagwa kwa ajili ya malori ya Zaire. Vyote viwili vilikuwa vimeachwa na dola zilizoviumba. Vikaelewana mara moja.

Ulaya nayo iliwahi kutumia barabara kama viwanja vya ndege. Wakati wa Vita Baridi, Ujerumani Magharibi na Uswidi zilikuwa na vipande vya barabara kuu ambapo ndege za kivita zingeweza kutua. Lakini vipande vile vilipangwa tangu mwanzo: tabaka la lami liliongezwa unene, kingo zikaachwa wazi, nafasi ya kugeuzia ndege ikatengwa. Kilambo haikupangwa na mhandisi. Ilichaguliwa na mfanyabiashara aliyekuwa na haraka.

Upande wa pili wa safari, Goma, ulikuwa na kisa chake. Mwaka uleule wa 2002, Januari 17, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikateremka mpaka mjini. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, karibu theluthi moja ya njia ya kurukia. Mawe yalikaa pale kwa miaka, na ndege kubwa zikalazimika kutumia kilichobaki. Aprili 15, 2008, DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikavuka mwisho wa njia na kuingia Birere, mtaa wa soko na vibanda. Waliokufa walikuwa wapatao 40, wengi wao wakiwa watu waliokuwa chini, katika shughuli zao. Fikiria jimbo moja katika miaka hiyo: upande mmoja uwanja halisi umekatwa na mlima wa moto, upande mwingine barabara halisi imegeuzwa uwanja. Mfuko wa kasiterite ulitoka kwenye kimoja ukashukia kwenye kingine, na abiria wa kawaida waliishi katikati ya vyote viwili.

Najua wako watakaosema ubunifu wa aina hii ni wa kusifiwa. Watu walikuta lami haina gari, wakaipa kazi. Nakubali kwamba bila Kilambo bei ya chumvi Walikale ingekuwa mbaya zaidi, na kwamba wagonjwa na walimu nao walipata viti juu ya mizigo. Sitaki kumlaumu mtu aliyepanda ndege kwa sababu njia ya ardhi, isiyofika hata kilomita 250 mpaka Goma, ingemmalizia siku nyingi na pengine uhai.

Swali langu ni jingine: kazi mpya ilimbeba nani? Ndege hutoza kwa kilo. Kitu chenye thamani kubwa katika uzito mdogo hukubali nauli hiyo, na kasiterite ilikubali. Muhogo haukubali. Ndizi hazikubali, mafuta ya mawese hayakubali. Mama mwenye gunia la mihogo huko Mubi, Walikale, aliona ndege ikipita juu yake ikiwa na nafasi ya bia kwenda na nafasi ya madini kurudi, na gunia lake likabaki pale pale. Barabara ingembeba. Lori halibagui mihogo na madini kwa namna ndege inavyobagua. Lami ilipogeuzwa uwanja, ilibaki na sura ileile, urefu uleule, lakini ilibadilisha wateja wake. Wale walioweza kupiga kelele ili barabara itengenezwe, yaani wenye fedha na wenye silaha, hawakuihitaji tena kama barabara. Walikuwa na ndege.

Ndiyo maana nikisoma kuhusu Tempelhof, mjini Berlin, roho huniuma kidogo. Uwanja ule ulifungwa Oktoba 2008, wakati Kilambo iko katika kilele chake. Mwaka 2010 njia zake za ndege zilifunguliwa kuwa bustani ya umma, na leo watu hupanda baiskeli mahali ndege zilipotua. Mwaka 2014 jiji lilipotaka kujenga pembezoni, wakazi walipiga kura wakakataa. Huko uwanja uligeuka njia ya watu. Kwetu njia ya watu iligeuka uwanja. Ila kinachonigusa zaidi ni ile kura.

Masisi inalijua jambo hili, la kazi mpya isiyopigiwa kura, kwa uchungu mkubwa zaidi, ingawa huko kilichobadilishwa kazi ni ardhi yenyewe. Wabelgiji walizigawa nyanda za juu za Masisi kwa walowezi na makampuni, na kuanzia 1937 wakahamishia watu kutoka Rwanda katika eneo la Gishari ili mashamba yapate mikono. Palilimwa chai, kahawa, pareto na mkwinini. Novemba 30, 1973, Rais Mobutu alitangaza mashamba na biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire, miezi michache tu baada ya sheria mpya ya ardhi. Wenye majina makubwa mjini walipokea hati. Wengi wao waliona ng'ombe wana faida kuliko chai: hawataki kiwanda, hawataki vibarua mia, na wanajitembeza wenyewe mpaka sokoni. Mashamba yakageuka malisho.

Ukipita Masisi wakati wa amani utaapa kwamba vilima vile viliumbwa kuwa malisho. Kijani laini mpaka juu, ng'ombe wamesimama kwenye miteremko, mvulana na chukudu yake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anateremka na magunia kuelekea Sake. Picha hiyo hupendwa sana, na mimi mwenyewe huiangalia kwa furaha. Lakini shamba la chai lilikuwa na vibarua wengi, na malisho yanamtosha mchungaji mmoja. Familia zilizoishi kwa kibarua au kwa kulima pembeni zilijikuta upande wa nje wa ua. Machi 20, 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, yakaenea Masisi. Sababu za vita ile ni nyingi, na za siasa zilikuwa na ukali wake. Ardhi iliyopewa kazi mpya bila kuulizwa waliokuwa juu yake ilikuwa miongoni mwazo.

Hata hivyo Masisi ilitoa pia mfano ninaoupenda, na unatoka kwa ng'ombe haohao. Maziwa hayawezi kusubiri matope. Gari likikwama nusu siku, yamekwisha. Kwa hiyo maziwa ya vilimani yaligeuzwa jibini, kwa ufundi ulioletwa na mapadri na walowezi wa Kibelgiji na kushikwa na wenyeji katika vyumba vidogo vya mbao. Jibini ya Masisi, duara la manjano linaloenea kwapani, hustahimili pikipiki, mvua na kizuizi. Inafika Goma ikiwa nzima, na hapo inajulikana na kila anayeuza mkate. Kama kasiterite, ni mali iliyopunguzwa uzito ili ishinde njia mbaya. Tofauti ni kwamba mwenye ng'ombe wawili naye anaweza kupeleka ndoo yake kwa mtengenezaji, na akalipwa.

Tukirudi Kilambo, ilianza kuzimika kwa amri. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, miezi miwili baada ya Marekani kupitisha sheria inayowataka wenye makampuni kueleza madini yao yanatoka wapi. Zuio liliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi hawakurudi haraka. Mifuko ikapungua, ndege zikapungua. Waliokuwa wameacha kulima ili wabebe mizigo walibaki bila mzigo na bila shamba lililopaliliwa.

Halafu ukaja mgodi wa kisasa. Kampuni ya Alphamin ilipata haki za Bisie, na jambo la kwanza lililohitajika kabla ya mashine yoyote lilikuwa lilelile ambalo Walikale ilikosa kwa miaka yote: barabara. Ikakatwa kutoka barabara kuu mpaka mlimani, katika msitu ambao wapagazi waliuvuka kwa miguu. Uzalishaji ulianza mwaka 2019. Mwaka 2024 mgodi ulitoa tani 17,324 za bati, sehemu ambayo dunia nzima inaihisi ikikosekana. Kwa ndege ya Kilambo, bati hilo peke yake lingekuwa safari zaidi ya 8,600. Malori ndiyo yaliyobeba.

Nilifurahi kusikia lori limerudi, na sitaficha furaha hiyo. Lakini barabara iliyokatwa kwa ajili ya mgodi mmoja inaweza kumwacha mama wa Mubi palepale, kama mifereji, madaraja na matope ya sehemu nyingine ya njia hayana mwenyewe. Kuanzia Walikale kurudi Masisi na Sake, matope yale bado yapo.

Machi 13, 2025, kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu waasi wa M23, waliokuwa wameshika Goma tangu mwisho wa Januari, walikuwa wakisonga magharibi. Machi 19 waliingia mji wa Walikale. Watu wakachukua barabara ileile kuelekea upande wa Kisangani au kujificha msituni. Mwanzoni mwa Aprili waasi waliondoka mjini, na tarehe 9 kampuni ikatangaza kurudi kwa awamu. Uwanja wa Goma, wenye mnara, taa na njia iliyokwisha kuondolewa lava, ulikuwa umefungwa tangu Januari.

Kongo nzima, panapobaki lami, kuna kazi nyingine ambayo lami hiyo hupewa siku ambazo magari ni machache. Asubuhi jua likishapanda, wanawake hutandaza mihogo iliyolowekwa juu ya barabara, vipande vyeupe kwa safu, maana lami hushika joto kuliko udongo na haina vumbi. Mtoto huachwa na kijiti kufukuza kuku na mbuzi. Likisikika gari, anawaita wakubwa, mihogo inasogezwa upande mmoja, gari linapita polepole, na inarudishwa.